Sura ya Saba: Mshale wa Zambarau

Kuna kinyaa cha kukanyaga kitu kibichi ukiwa peku, na kuna kinyaa cha kukuta unywele wa mtu usiyemjua ndani ya chai yako. Vyote hivyo vina dawa. Unaosha mguu, unamwaga chai, unasonya, maisha yanaendelea. Lakini kinyaa kilichomkaba Msanifu siku ile, katika chumba cha mikutano cha duka la miwani, mchana kweupe, mbele ya runinga kubwa na watu wazima wenye akili zao, hicho hakikuwa na maji ya kukiosha. Na ubaya wake ni kwamba kilianza kama mahaba.

Tuanze na hayo mahaba basi, maana ndiyo yaliyomponza.

Msanifu ndilo jina ambalo duka zima lilimwita, kwa sababu kazi yake ni kusanifu sura za programu za kompyuta. Yeye ndiye anayeamua kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu akibonyeza hapa aone nini. Alikuja kulijengea duka lile programu ya kutunza vipimo vya macho na oda za lenzi. Alikuja kutafuta kazi, akapata na mchumba. Mchumba mwenyewe alikuwa Mpimaji, mtoto pekee wa mwenye duka, kijana mtaratibu mwenye vidole virefu, anayewapima watu macho katika chumba cha chini chenye giza. Siku ya kwanza alimkalisha Msanifu kwenye kile kiti cha wagonjwa, kwa utani tu, akamwambia asome herufi za ukutani. Msanifu hakusoma hata moja. Alikuwa anamtazama msomeshaji.

"Macho yako mabovu," Mpimaji alimwambia.

"Macho yangu mazima," Msanifu akajibu. "Ubao ndio umekaa vibaya."

Wakacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Sasa, kabla ya kujenga programu yenyewe, Msanifu alitengeneza sampuli mbili ili duka lichague. Moja ilikuwa ya mezani, yaani inawekwa ndani ya kompyuta za pale dukani na kukaa humo humo. Mtandao ukikatika yenyewe haina habari, na inapokea vipimo moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya macho. Nyingine ilikuwa ya mtandaoni. Hiyo unaifungua popote ulipo, kazini, nyumbani, hata ukiwa umejifunika shuka. Na hiyo ya mtandaoni ilikuwa na jambo moja la ziada: watu wawili wakiwa ndani kwa pamoja, kila mmoja anauona mshale wa mwenzake ukitembea kwenye skrini. Mshale wa Msanifu ulikuwa rangi ya chungwa. Wa Mpimaji, zambarau.

Hapo ndipo msichana wa watu alipolewa.

Jioni, kila mtu akiwa kwake, Msanifu alikuwa akifungua ile sampuli kurekebisha hiki na kile, na mara mshale wa zambarau unaingia. Unakuja polepole mpaka ulipo wa kwake, unauzunguka mara mbili, unatulia pembeni. Moyo wake ulikuwa unamruka! Akaanza kuandika maneno kwenye kisanduku cha jina la mteja, akijua atayafuta baadaye. "Umekula?" Mshale unalizunguka lile neno. "Nimekukumbatia." Mshale unapita chini ya maandishi kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama kidole kinachopapasa mkono wa mtu. Niseme ukweli, Mpimaji wa ana kwa ana alikuwa mtu wa kuvutwa maneno kwa kamba. Mshale wake ndio uliojua kupenda. Kuna jioni Msanifu alisogea akabusu kioo cha kompyuta. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kufanya upuuzi akiwa amependa?

Kesho yake alikuwa akimnong'oneza Mpimaji kwenye ngazi, "Jana ulinizungusha mpaka nikaona kizunguzungu."

Mpimaji alitazama viatu vyake, akatabasamu. "Ulipenda?"

"Nilipenda!"

Basi. Na kwa kupenda huko, Msanifu akaanza kulisemea duka uongo. Alijua fika kwamba pale palifaa programu ya mezani. Mtandao wa jengo lile ulikuwa wa kubahatisha, leo upo, kesho haupo. Shangazi yake Mpimaji, ambaye ndiye msaga lenzi kule karakana, alishamwambia wazi, "Binti, huo mtandao wako ukilala na mimi kioo kiko kwenye jiwe la kusagia, nasaga kwa namba zipi? Za kuota?" Msanifu akacheka tu, akaandika kwenye pendekezo lake: ya mtandaoni. Aliandika kwa moyo, akili aliiacha nje.

Mwenye duka, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, mwanzoni hakutaka hata kumsikia msichana huyu. "Mtu anayeshinda kwenye skrini atakaa saa ngapi na mumewe?" alisema mbele ya wafanyakazi. Halafu ghafla akalainika. Akaanza kumwita mwanangu. Akakubali wazazi wa pande mbili wakutane wiki inayofuata wapange harusi. Watu wakashangaa, Msanifu akashukuru Mungu.

Ndipo siku ya kuchagua ikafika.

Walikaa wanne. Bi Mkubwa mwanzo wa meza, kompyuta yake ya mapajani mbele yake, kwa maelezo kwamba macho yake hayafiki kwenye runinga.

"Una duka zima la miwani, wifi," Shangazi akamtania, vumbi la vioo bado liko kwenye aproni yake.

"Wewe nyamaza, tusikilize."

Mpimaji alikaa karibu na mchumba wake, anafuta miwani kwa kitambaa. Msanifu akasimama, akafungua sampuli ya mtandaoni, mshale wake wa chungwa ukatokea kwenye runinga.

"Huu ni ukurasa wa oda," alianza. "Mpimaji akimaliza na mgonjwa huko chini, Shangazi anaona vipimo hapa hapa..."

Mshale wa zambarau ukaingia.

Ukaja polepole kama kawaida yake. Ukauzunguka wa chungwa mara mbili. Ukatulia pembeni.

Msanifu alihisi uso ukimpata moto. Huyu mtu huyu, mbele ya mama yake! Akageuka kumkonyeza. Mpimaji alikuwa na miwani mkono huu, kitambaa mkono ule. Mbele yake palikuwa na glasi ya maji tu.

Msanifu akatazama runinga. Mshale wa zambarau ulikuwa unatembea.

Akatazama tena mikono ya mchumba wake, ile mikono aliyokuwa akiiota. Ilikuwa inafuta kioo. Ndipo macho yake yakaizunguka meza, taratibu, kwa sababu tayari alikuwa hataki kufika. Bi Mkubwa alikuwa ameinamia kompyuta, miwani puani, ncha ya ulimi imebanwa kwenye meno kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kidole chake kimoja kilikuwa kinateleza chini ya vitufe, pale pa kuendeshea mshale. Kule kwenye runinga, mshale wa zambarau ukaenda hadi kwenye kisanduku cha jina la mteja, ukasimama hapo unasubiri.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" Bi Mkubwa aliuliza bila kuinua kichwa.

Msanifu aliinamia kompyuta yake. Akaandika kwenye kile kisanduku: Umekula?

Mshale ukalizunguka neno mara mbili. Na Bi Mkubwa akatabasamu, peke yake, tabasamu la mtu aliyesahau kwamba kuna watu chumbani.

Zile jioni zote! Lile kumbatio! Lile busu! Msanifu alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akarudia, akajifuta tena.

"Bi Mkubwa," alisema, "humo umeingia kwa jina la nani?"

"La mwanangu. Mimi na yeye tuna siri gani?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuandika andika humo." Sasa aliinua uso, na hakuwa na dalili ya aibu hata chembe. "Mtu akitaka kuingia kwenye nyumba yangu, lazima nimtazame. Nilikutazama. Mwanzo nikasema huyu binti hana haya. Lakini nikakupenda. Uliza watu, nilikuwa sikutaki."

"Wifi, umefanya nini?" Shangazi aliuliza.

"Nimefanya nini kwani? Nimezungusha mshale. Kuna mtu amekufa?" Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi toka nianze kuwa mama ndiye ninayewauliza watu kama wamekula. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Ukawa unauliza wewe. Kila jioni."

Huruma ilitaka kumwingia Msanifu, ikakuta mlango umeshazibwa na kichefuchefu. Hakuwa amemuuliza yeye! Alitoka, akashuka ngazi kwa kukimbia. Mlango wa kwanza uliokuwa wazi ulikuwa wa chumba cha kupimia macho. Akaingia. Mpimaji akaja nyuma yake, akafunga mlango.

"Mpenzi, nisikilize."

"Usinisogelee."

"Ni mama tu. Si mtu baki."

"Ndiyo maana nataka kutapika! Angekuwa mtu baki ningempeleka polisi nikalala usingizi wangu." Akamtazama. Katika mwanga ule hafifu alikuwa bado mzuri, na hilo lilimzidishia hasira. "Nijibu kitu kimoja. Ni mara ngapi ilikuwa wewe?"

Mpimaji akatazama viatu.

"Usitazame viatu! Viatu havikuzungusha mshale. Mara ngapi?"

"Ile siku ya kwanza. Nilikuwa natafuta pa kubonyeza, nikajikuta nimekuzunguka."

"Ulikuwa unatafuta pa kubonyeza."

"Ndiyo."

"Na baada ya hapo?"

"Mama aliniomba paswedi. Akasema anataka kuikagua programu. Nikampa. Sasa ukaja kesho yake umefurahi vile, unaniambia nimekuzungusha... Ningesemaje? Nisingekuvunja moyo."

"Nilikuuliza kwenye ngazi. Ukaniambia, 'Ulipenda?' Wewe! Mtu unapokea shukrani ya kitu alichofanya mama yako, unaniuliza kama nimependa! Hukuona haya? Haikukukwama kooni?"

"Nilitaka ufurahi."

"Ulitaka upendwe bila kutoka jasho."

Juu ya kiti cha wagonjwa mikono mirefu ya mashine ya lenzi ilikuwa inaning'inia, na Msanifu alijikuta anaogopa hata kuigusa, kana kwamba duka zima lilikuwa limepakwa kitu kinachonata.

"Lakini ona matokeo yake," Mpimaji alisema, akijipa moyo. "Mama alikuwa anakukataa. Sasa anakutaka. Kama si ule mshale tungekuwa bado tunamlilia. Mimi niliona ni heri."

"Uliona ni heri nimtongoze mama yako."

"Usiseme hivyo, bwana!"

"Niseme vipi? Nifundishe. Kila neno tamu nililokuwa nalo nimemwandikia yeye. Wewe nimekubakishia nini? Na wewe mwenyewe ungenipa nini, kama hata kunizungusha mshale ulihitaji mtu wa kukusaidia?"

Mpimaji aliinua mkono kumshika bega. Msanifu aliruka kando, mwili wake uliruka wenyewe kabla hajaamua. Wote wawili waliliona hilo, na lilimuumiza Mpimaji kuliko maneno yote.

"Kwa hiyo umeniacha?"

Hapa ndipo nilipotaka kumshika msichana huyu nimtikise. Maana pamoja na yote, pamoja na kinyaa kilichomjaa mpaka kwenye meno, bado alimpenda! Alitaka mtu huyu afanye jambo moja tu, lolote, la kiume au la kike, ilimradi liwe lake mwenyewe.

"Twende juu," alisema. "Nina kazi ya kumaliza. Huko juu utajua, na mimi nitajua."

Wakarudi. Shangazi alikuwa amekunja mikono, amempa wifi yake mgongo. Bi Mkubwa alikuwa palepale, kompyuta wazi.

"Nilichoandika kwenye pendekezo nimekifuta," Msanifu alisema akiwa amesimama. "Nilikosea, na nilikosea huku najua. Duka hili linafaa programu ya mezani. Kila mtu na kompyuta yake, kazi inabaki kazini. Mtandao ukikatika Shangazi anaendelea kusaga. Mgonjwa akipimwa, vipimo vyake vinakaa humu ndani, haviendi kusomwa na mtu aliye kitandani kwake."

"Sasa umesema!" Shangazi alipiga meza.

"Mimi naitaka ya mtandaoni," Bi Mkubwa alisema kwa upole. "Naona kila kitu, popote nilipo. Hiyo ya mezani itanifungia nje ya duka langu."

"Basi tafuta mwingine akujengee."

"Unanikatalia kwa ajili ya mshale?"

"Nakukatalia kwa sababu ya kazi. La mshale tutalizungumza na huyu." Akamgeukia Mpimaji. "Wewe ndiye utakayeitumia kuliko wote. Duka ni lenu, mama ni wako, mchumba ni wako. Unataka ipi?"

Kila mtu alimwangalia. Bi Mkubwa alivua miwani. Shangazi aliacha kupumua. Msanifu alimtazama usoni na, kwa aibu yake, akajikuta anamwombea. Sema ya mezani. Sema hata ya mtandaoni, lakini sema wewe, ligombanie, nikuone. Mpimaji alimtazama mama yake. Alimtazama mchumba wake. Kisha uso wake ukachangamka, kama mtu aliyepata ufumbuzi wa tatizo lililowashinda wakubwa.

"Kwani tunagombania nini? Tuchanganye," alisema. "Dukani tuweke ya mezani, Shangazi asisumbuke. Halafu mama tumfungulie kidirisha chake kidogo cha mtandaoni. Awe anaona tu. Hatagusa kitu."

Bi Mkubwa akavaa tena miwani.

"Hilo nalo ni wazo," Bi Mkubwa alisema.

Tena lilikuwa wazo zuri! Kitaalamu halikuwa na kasoro hata moja, ni jambo linalofanywa kila siku, na ndilo lilikuwa wazo la kwanza la maana ambalo Mpimaji alilitoa tangu kazi ianze. Msanifu alimtazama anavyosubiri kupongezwa, macho yanamng'aa, akaiona nyumba yao ya baadaye yote kwa mara moja: meza yao, kitanda chao, ugomvi wao, na kwenye kila chumba kidirisha kidogo cha mama, cha kuona tu. Ngozi ilimsisimka hadi kwenye utosi.

"Inawezekana?" Mpimaji aliuliza.

"Inawezekana kabisa," Msanifu alisema. Alivua pete ya uchumba, akaiweka mezani kwa ncha za vidole kama mtu anayetupa kitu alichokiokota kwenye mfereji. "Watakujengea. Ila usimwambie mchumba atakayekuja kwamba mshale ni wako."

"Binti!" Shangazi aliita. Hakuita kumzuia, aliita kumuaga.

Nje jua lilikuwa kali, watu wanapita na mizigo yao, hakuna anayejua kitu. Msanifu alitembea bila kuangalia anakoelekea. Alipofika kwenye ukuta mrefu wa ghala la mbao, simu ikatetemeka. Ilikuwa namba ya Mpimaji.

"Nimekaa kwenye kiti ulichokalia, bado kina joto lako. Sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoogopa huu mlango usifunguke tena. Nitukane, nipige, lakini rudi nikuone."

Aliyasoma mara mbili. Yalikuwa maneno ambayo alikuwa na njaa nayo tangu siku alipomjua, na machozi yalimtoka papo hapo. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye vitufe, kinataka kujibu nakuja, kabla ya akili kumfikia: Mpimaji hajawahi kuandika hivi. Mpimaji hajui kuandika hivi.

Akaandika, "Nani anaandika?"

Aliona kwamba upande wa pili mtu anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Msanifu alisimama pale juani na simu mkononi, anaomba iwe ni yeye, hata kama ataandika neno moja la kijinga, mradi liwe la kwake. Jibu likaingia.

"Kwani kuna tofauti gani?"

Aliizuia ile namba isimfikie tena. Kisha akainama, mkono mmoja ukutani, akatapika. Alitapika mpaka pakawa hapana cha kutoka, na bado tumbo likawa linamkaza. Mama mmoja mpita njia, kapu lake kichwani, akasimama akamshika mgongo.

"Pole, mwanangu. Pole. Una mimba?"

Msanifu alitikisa kichwa, akajifuta mdomo.

"Hapana, mama," alisema. "Ndiyo kwanza napona."